Boksi la vifaa vya kuvulia kapi: panga mezani kwanza, duka baadaye

Mimi nimekulia Naivasha, na kule kapi (carp kwa Kiingereza) ni samaki wa wavu. Alianza kuonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani ya miaka kumi hivi akawa ndo samaki anayetoka kwa wingi kuliko wengine wote, watu wanamkaanga, wanamla na ugali, mifupa yake midogo midogo wanaijua. Vifaa ni mtumbwi, wavu na beseni, basi. Sasa nilipohamia Leicester huku Uingereza na nikaanza kwenda ziwani wikendi nikakuta kapi yuleyule mwenye masharubu manne, ila hapa anavuliwa na fimbo, anapimwa, anapigwa picha juu ya godoro lililoloweshwa maji, alafu anarudishwa majini taratibu ka mtoto mchanga. Na kila mvuvi ana boksi limejaa vitu vidogo vidogo mpaka unashindwa kuelewa vyote ni vya nini.

Sababu ya huo utitiri ni rigi ya unywele (rigi ni kile kipande cha mwisho cha uzi chenye ndoano na vikorokoro vyake). Zamani chambo kilikuwa kinachomekwa kwenye ndoano yenyewe, hata Richard Walker alipovua kapi wa ratili 44 (kama kilo 20 hivi) pale Redmire Pool mwaka 1952 alitumia mkate tu. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, Lenny Middleton na Kevin Maddocks wakaja na wazo la kuning'iniza chambo kwenye uzi mwembamba pembeni ya ndoano, ndoano inabaki wazi, kapi anafyonza chambo na ndoano inafuata. Hiyo kitu ilibadilisha uvuvi wote wa kapi, lakini ikaleta sindano ya kupitishia chambo, vizuizi vya chambo, vimipira vya kuzuia uzi usijisokote, suiveli (kiungo kidogo kinachozunguka ili uzi usijisokote), klipu za chubwi (chubwi ni kile kizito cha kuzamisha uzi), udongo mzito wa tangsteni (unabandikwa kwenye uzi ulale chini), na kadhalika na kadhalika. Vyote hivyo vinahitaji pa kukaa, na ndo maana tunaongea habari za boksi.

Kosa nililofanya mimi, na naona wengi wanalifanya, ni kununua boksi kwanza. Nilinunua kubwa, zuri, la kijani, nikaamini kubwa litanifaa miaka mingi. Nikalijaza kwa sababu lilikuwa na nafasi, likawa zito mpaka bega linauma kutoka kituo cha basi hadi ziwani, na juu ya hayo rigi zangu zilikuwa zinakunjwa ndani yake kwa sababu ubao wa rigi (ule unaonyooshea rigi na kuzishika kwa pini) ulikuwa mfupi, uzi ukachukua umbo la kukunjika na haukunyooka tena. Boksi kubwa na bado halikutosha pale panapohitajika. Kwa hivo mwongozo huu unaenda kinyume na vile maduka yanavyokuuzia, tunaanza na vitu vyako, boksi linakuja mwisho.

HATUA YA 1: Mwaga kila kitu mezani

Chukua meza ya jikoni, tandika taulo nyeupe (ndoano za kapi siku hizi nyingi zimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, juu ya kitu cheusi huzioni), alafu mwaga kila ulicho nacho. Ka bado huna kitu, andika orodha kwenye karatasi na ukate vipande, kila kipande kiwe kifaa kimoja, inasaidia zaidi ya unavyofikiri.

Sasa jiulize swali moja tu, safari yangu ya kawaida ni ipi? Sio ile ya ndoto ya wiki nzima Ufaransa, ni ile unayoifanya kila mara. Mimi ni ya kutoka alfajiri kurudi jioni, saa zingine usiku mmoja, fimbo mbili. Idadi ya fimbo ni muhimu kwa sababu ndo inaamua kila kitu, na hata leseni ya uvuvi ya Environment Agency (shirika la serikali la mazingira huku) inaenda kwa fimbo, kuna ya fimbo mbili na kuna ya tatu, na kila mwenye miaka 13 kwenda juu lazima awe nayo, ukikutwa huna faini inaweza kufika paundi 2,500. Ukishajua fimbo ni mbili basi hesabu ni rahisi.

Kwa fimbo mbili siku moja na usiku mmoja mimi natoka na rigi kumi zilizofungwa tayari, pakiti mbili za ndoano, namba 4 na namba 6 (kumbuka namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo, kwa hivo 8 ni ndogo kuliko 6), suiveli kumi, klipu za chubwi sita na vimipira vyake, vimipira vya kuzuia msokoto kumi, kibunda kimoja cha uzi wa rigi, sindano mbili za chambo kwa sababu moja itapotea tu, vizuizi vya chambo, udongo wa tangsteni, mkasi, koleo ndogo ya kutolea ndoano, dawa ya kumpaka samaki pale ndoano ilipoingia, na chubwi nane. Hiyo ni yote. Kingine chochote kilichobaki mezani kinarudi kwenye kabati la nyumbani. Najua inauma kuacha vitu nyumbani, unahisi siku utakapokiacha ndo siku utakayokihitaji, lakini misimu mitatu sasa sijawahi kurudi nyumbani kwa kukosa kitu kilichobaki kabatini.

Ukiwa hapo mezani pitia chubwi ndogo ndogo hasa ka ulipewa boksi la mzee fulani aliyeacha uvuvi. Tangu 1987 chubwi za risasi za kuanzia gramu 0.06 hadi 28.35 haziruhusiwi hapa, kwa sababu bata maji na ndege wengine walikuwa wanazimeza wakifikiri ni kokoto na wanakufa kwa sumu. Zile kubwa za kapi zimevuka huo uzito kwa hivo sheria haizigusi, ila maziwa mengine yana masharti yake, soma kibao cha getini. Ukikuta hizo ndogo za risasi zitenge kabisa zisiingie kwenye boksi jipya.

HATUA YA 2: Pima

Vitu vya kupima ni vitatu na unahitaji rula na mizani ya jikoni.

Cha kwanza rigi yako ndefu kuliko zote. Nyosha kutoka ncha ya ndoano hadi kwenye kitanzi cha mwisho. Rigi nyingi za kulala chini zinakuwa sentimita 15 mpaka 25. Ongeza sentimita tano za pini na nafasi ya vidole, hapo ndo unapata urefu wa NDANI ambao boksi au ubao wa rigi lazima uwe nao. Nimeandika ndani kwa herufi kubwa makusudi kwa sababu kipimo kinachoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni cha nje, na kuta za boksi, mzunguko wa pembe na bawaba vinakula nafasi. Boksi la sentimita 30 nje linaweza kukupa 26 tu ndani. Rigi ikikosa kunyooka kwenye boksi haitanyooka majini, na hapo umepoteza maana nzima ya kuifunga nyumbani kwa utulivu.

Cha pili ni uzito wa chubwi. Chubwi ya aunsi 3 ni gramu 85, chubwi nane ni gramu 680, kumi na mbili zinapita kilo. Watu wanalaumu boksi kuwa zito kumbe ni chubwi. Ushauri wangu wa dhati, chubwi zisikae kwenye boksi la vifaa kabisa. Zitafutie kimfuko chake kigumu, zinapokaa na vitu vingine zinagongana, zinavunja vigawanyo vya plastiki, zinakwaruza ndoano, na boksi likianguka zinakuwa ka nyundo. Ukitoa chubwi boksi lako linaweza kuwa nusu ya lile ulilokuwa unafikiria.

Cha tatu ni mwili wako na usafiri wako. Mwenye gari na toroli anaweza kubeba karibu anachotaka. Sisi wa basi na treni tunapima begi la mgongoni, upana wa ndani, alafu boksi lazima liingie likiwa limelala, sio limesimama, manake likisimama kila kitu kinateremkia upande mmoja. Pima na mahali utakapolifungulia pia. Kuna watu wanafungulia magotini, wengine juu ya kitanda cha kukunja, wengine wana boksi zenye miguu ka meza ndogo. Mimi nafungulia magotini nikiwa nimekaa, kwa hivo boksi likiwa pana kuliko mapaja yangu linainama na vitu vinamwagika kwenye nyasi. Kutafuta ndoano nyeusi kwenye nyasi usiku ni hatari hata kwa ndege na mbwa wa watu watakaopita kesho yake.

HATUA YA 3: Jua aina zilizopo

Kiukweli aina ziko nyingi ila ukichuja zinabaki tatu.

Kuna boksi gumu kubwa lenye viboksi vidogo vinavyotoka ndani yake, hizi ndo kampuni za kapi ka Fox, Nash na Korda wanazitengeneza. Hii ndo naipenda kwa mtu yeyote anayeanza kwa sababu viboksi vya ndani unaweza kuchukua viwili ukaacha vingine, siku ya masaa manne unatoka na kiboksi cha rigi na kiboksi cha vimipira tu mfukoni. Ukinunua aina hii hakikisha viboksi vya ndani vinauzwa pia kimojakimoja, kimoja kikivunjika usilazimike kununua seti nzima.

Kuna mifuko ya EVA, ile sponji ngumu ka ya soli za ndala, yenye zipu. Ni myepesi, haipigi kelele, maji hayapenyi kwenye kuta. Ubaya ni zipu, mchanga ukiingia inakwama, na vitu vizito vikiwekwa juu yake inabonyea na kubana rigi zilizo ndani. Mimi naitumia kwa chubwi na kwa vyupa vya dawa, hapo inafanya kazi safi sana.

Alafu kuna boksi za kawaida za uvuvi au hata za fundi wa skrubu, ka zile za Plano za namba 3700 ambazo zina urefu wa kama sentimita 35 na unene wa sentimita 5 tu. Bei yake ni ya chini, zinaonekana ndani bila kufungua, na vigawanyo unavihamisha upendavyo. Kwa mwenye bajeti ndogo mbili kati ya hizi zinatosha kabisa kuanza uvuvi wa kapi, moja ya vitu vidogo na moja utakayobandika kipande cha sponji chini ili uchomeke pini za rigi. Usimruhusu mtu akwambie bila boksi la jina kubwa huwezi kuvua.

HATUA YA 4: Dukani, beba rigi yako

Hapa ndo watu wengi wanaona aibu na hapafai kuwa na aibu. Nenda na rigi yako ndefu, nenda na suiveli kadhaa na ndoano kwenye kikaratasi, mwombe muuzaji ruhusa ya kujaribu. Duka zuri litakuruhusu.

Weka suiveli na kimpira kidogo kwenye chumba kimoja cha boksi, funga kifuniko, geuza boksi juu chini, tikisa, fungua. Ka vimehamia chumba cha jirani maana yake kifuniko hakigusi juu ya vigawanyo, rudisha hilo boksi kwenye rafu. Kitu hiki pekee kimenisaidia kukataa maboksi matatu yaliyokuwa yananipendeza kwa macho. Kwenye begi mgongoni boksi linageuka kila wakati, na ukifika ziwani ukute ndoano zimechanganyika na vimipira utatumia saa zima kutenganisha, na utajichoma.

Fungua na ufunge lachi (kile kifungio cha kifuniko) mara kumi kwa mkono mmoja. Ka ni majira ya baridi vaa glavu zako ujaribu nazo. Vidole vikifa ganzi asubuhi ya Februari lachi ngumu haifunguki mpaka utumie nguvu, na ikifunguka inarusha kila kitu. Sikiliza pia sauti yake. Kapi na ndugu zake wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani, kwa hivo wanasikia vizuri kuliko samaki wengi, na mtikisiko wa kitu kizito kinachobwagwa ukingoni unafika majini. Mimi natafuta lachi inayofunga kwa mkandamizo laini, na chini ya boksi nimebandika vipande vinne vya mpira.

Geuza boksi usome alama chini yake, ile pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, inakunjika mara nyingi bila kukatika, kwa hivo ka bawaba ni sehemu ya plastiki ileile ya boksi unataka iwe hiyo. Namba 6 ni polistirini, ile ngumu inayong'aa ka kioo, ikianguka kwenye baridi inapasuka, na chambo bandia laini zikilala juu yake muda mrefu zinaweza kuanza kuyeyushana nayo zikawa utomvu. Ka bawaba ina pini ya chuma, angalia ka pini inaweza kutolewa na kubadilishwa.

Angalia rangi ya ndani. Boksi nyingi za kapi ndani ni nyeusi au kijani kibichi, zinapendeza dukani mchana lakini usiku na tochi ya kichwani huoni kitu. Ukiipenda boksi ya hivo bado nunua, ila kata karatasi ngumu nyeupe uweke chini ya kila chumba, inabadilisha kila kitu. Sumaku inayowekwa ndani ya boksi zingine pia usiitegemee sana, inashika ndoano za chuma tu, suiveli za shaba, chubwi na tangsteni haishiki.

HATUA YA 5: Jaribio la maji

Hili fanya nyumbani siku ileile wakati risiti bado unayo. Weka karatasi ya tishu ndani ya boksi, funga, liweke kwenye sinki na ulimwagie maji ya bomba juu kwa dakika mbili ukiwa unaligeuza. Futa nje vizuri, fungua, shika tishu.

Kwa nini nakazania hili, ni kwa sababu ya PVA. Hiyo ni ile mifuko na uzi unaoyeyuka ukigusa maji, unajaza chambo ndani, unarusha, mfuko unayeyuka chini na chambo kinabaki rundo karibu na ndoano. Hata unyevu tu wa mkono unaifanya inate. Niliwahi kupoteza rola nzima kwa sababu boksi langu lilikuwa na tundu dogo la kuchomeka mkanda, mvua ikapita hapo bila mimi kujua, asubuhi nikakuta gundi. Siku hizi hata boksi likifaulu mtihani PVA yangu inakaa kwenye mfuko wake wa zipu ndani ya kiboksi chenye mpira wa kuzuia maji kwenye kifuniko, pamoja na kipakiti cha silika kile kinachokuja ndani ya viatu vipya. Maji mengine yanayoharibu ni yale yanayotoka ndani, yaani mkasi uliolowa, koleo iliyotoka mdomoni mwa samaki. Vitu vilivyolowa visirudi kwenye chumba cha ndoano, vipatie mfuko wa wavu pembeni, kutu ikianza kwenye ndoano moja pakiti nzima inafuata.

Na chupa za mafuta ya kunukishia chambo, tafadhali, zisikae na vifaa. Zinavuja. Mafuta yakiingia kwenye PVA hayaiyeyushi ila zile za majimaji zinaiyeyusha, na vyote viwili vitaacha harufu kwenye kila uzi ulio nao, hutaweza tena kuchagua harufu.

HATUA YA 6: Kupanga

Panga kwa mfuatano wa mkono unavyofanya kazi, usipange kwa ukubwa wa vitu. Ukikata rigi na kufunga mpya unashika nini kwanza? Mkasi, alafu rigi, alafu kimpira, alafu klipu, mwisho udongo wa tangsteni. Kwa hivo mkasi uko kulia kabisa juu (mimi natumia mkono wa kulia, wa kushoto ageuze), rigi kwenye kifuniko, vimipira na klipu mstari wa mbele karibu na tumbo, na vile vya nadra ka suiveli za akiba na uzi wa rigi mstari wa nyuma. Koleo na dawa ya samaki usiviweke kwenye boksi, vifunge kwenye godoro la samaki, kwa sababu kapi akiwa nje ya maji hutaki kuanza kufungua lachi na kupekua.

Ukishapanga zima taa za sebuleni, vaa tochi ya kichwani, funga rigi moja mpya kwenye uzi mwanzo mpaka mwisho. Kila mara mkono ukienda mahali ambapo kitu hakipo, hamisha kitu kiwe pale mkono ulipoenda. Rudia. Ilinichukua jioni mbili na tangu hapo sijabadilisha.

Acha chumba kimoja tupu. Siku zote kuna kitu, rigi iliyotumika, ndoano iliyobutuka ya kwenda kutupa nyumbani, kipande cha uzi ulichookota ukingoni.

Kuhusu bei sitasema mengi kwa sababu zinabadilika, ila ka hela ni kidogo gawanya hivi, sehemu kubwa iende kwenye kiboksi cha rigi, kwa sababu hapo ndo kuna kazi yako ya saa nyingi, boksi la nje hata la mtumba ni sawa. La mtumba likague bawaba, nusa ndani, na lioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla halijaenda kwenye ziwa lingine.

Na hilo la kuosha lifanye kila ukirudi. Magonjwa ya kapi na mimea vamizi vinasafiri na vifaa vilivyolowa, na maziwa mengi huku yameweka kibao cha kagua, safisha, kausha. Wavu na godoro ndo wanaviangalia zaidi, lakini chini ya boksi limekaa kwenye matope yaleyale. Nikifika nyumbani natoa viboksi vyote, nafuta chini na pembeni, natoa zile karatasi nyeupe ka zimelowa, nabadilisha silika, alafu naacha vifuniko vyote wazi juu ya kabati usiku kucha, mbali na hita ili plastiki isipinde, na asubuhi ndo nafunga.